Santuri ya soul ya nakala 500 tu: nimenunua pauni 12, sasa inauzwa 90. Nani anapanga hizi bei?

#1 Sindano_Butu
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Niko Leeds mwaka wa sita sasa. Ile Jumamosi ya maduka ya santuri, ya mwezi wa nne, nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kukata masikio. Nikapata santuri ndogo ya inchi 7, soul ya bendi changa ya Marekani. Jalada lina mhuri: nakala 500, yangu ni namba 212. Nimelipa pauni 12.

Nafika nyumbani, hata viatu sijavua, nafungua Discogs, mtandao wa kuuziana santuri, nakuta watu watatu wameshaiweka: pauni 70, 85 na 90. Saa nne asubuhi! Duka lenyewe limefunguliwa saa mbili!

Sasa nauliza. Hii bei ni ya kweli au ni ulanguzi tu? Na je, niichane nailoni niisikilize au niiache hivyohivyo? Mke wangu anasema nimenunua karatasi kwa pauni 12. Nawasilisha.

#2 Wa_Burudani_Tu
Wimbo huohuo uko kwenye simu, bure. Lala mkuu, umeamka mapema.

#3 Bi_Lebo
Sindano_Butu, karibu kwenye ugonjwa wetu.

Hao watatu wameomba 70, 85 na 90. Kuomba si kuuza. Mtu anaweza kumwekea mbuzi wake bei ya milioni kumi, mbuzi ataendelea kula majani. Kwenye ukurasa wa santuri hiyo shuka chini, kuna historia ya mauzo: bei ya chini, ya kati na ya juu kwa zile zilizokwisha kulipiwa. Ya kati ndiyo ya kuangalia, ile ya juu mara nyingi ni mtu mmoja aliyekuwa na haraka.

Halafu hata ikiuzwa 70, hupati 70. Mtandao unakata asilimia 9, tena siku hizi wanakata mpaka kwenye nauli. Ongeza makato ya malipo, ongeza boksi gumu la kadibodi. Nauza santuri hapa Manchester kama kazi ya wikiendi, najua ninachokisema.

#4 Mlanguzi_Mstaafu
Naomba kutubu mbele ya kadamnasi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Mchezo uko hivi. Wiki ya kwanza bei inapanda kwa sababu waliolala wanalia. Wiki ya tatu inatulia. Mwezi wa tatu inaporomoka, maana kila aliyeficha nakala mbili chini ya kitanda anazitoa siku moja na wenzake. Kati ya hizo 500, naapa 200 ziko kwa watu kama mimi, hazijawahi kuguswa na sindano. Mwaka 2019 nilinunua nne za rangi ya chungwa nikijua nimetajirika. Nilikuja kuziuza chini ya bei ya dukani, na ya nne bado ninayo. Naichukia.

Kama unataka kuuza, uza leo. Kesho utakuwa umechelewa.

#5 MzeeWaGramofoni
Vijana, mnachanganya uchache wa aina mbili. Kuna uchache wa ajali na uchache wa makusudi.

Santuri za soul zinazouzwa bei ya gari hazikukusudiwa kuwa chache. Mtu alirekodi Detroit au Chicago, kampuni ikachapa mia kadhaa, redio haikuzipiga, hazikuuzika, zikatupwa. Zilizobaki ni zile zilizosahaulika stoo. Chukueni mwimbaji Frank Wilson, wimbo "Do I Love You (Indeed I Do)", mwaka 1965. Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, walichapa nakala za majaribio kama 250, kisha wakaghairi, zikaharibiwa. Zikabaki mbili. Moja iliuzwa mwaka 2009 kwa pauni zaidi ya 25,000, na hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote za santuri ya soul.

Sasa huyu wa Leeds ameletewa kitu kimeandikwa uchache wake kwa mhuri siku ya kuzaliwa. Huo ni uchache wa dukani, kama "ofa ya mwisho" ya Kariakoo ambayo haiishi.

#6 Chaki_Nyeupe
Shikamoo Mzee. Masahihisho mawili.

Moja, haikuwa kwenye lebo (chapa ya kampuni) ya Motown yenyewe bali Soul, lebo tanzu yao, namba 35019. Pili, hiyo ya 2009 (pauni 25,742) si rekodi tena. Mwaka 2020 nakala moja ilibadilisha mikono kwa pauni 100,000. Laki moja ya Waingereza, kwa dakika mbili na nusu za muziki.

#7 MzeeWaGramofoni
Marahaba. Laki moja? Basi nimepitwa na wakati, nashukuru kusahihishwa. Ila hoja yangu ndiyo kwanza imepata nguvu.

#8 KobeWaKisauni
Wakubwa, mimi natoka Mombasa, si mjuzi wa haya. Kwa nini walighairi? Wimbo mbaya?

#9 Bi_Lebo
Wimbo ni mtamu ajabu, ndiyo maana hata tangazo la kuku wa kukaanga liliutumia miaka ya baadaye.

Zipo simulizi mbili. Wilson mwenyewe alieleza kwamba Berry Gordy, bosi wa Motown, alimuuliza kama anataka kweli kuwa mwimbaji au prodyuza, akachagua uprodyuza. Na akafanikiwa, alikuja kuwatengenezea nyimbo nyota kama Four Tops, Supremes na Eddie Kendricks. Simulizi ya pili inasema Gordy hakuipenda sauti yake. Mimi naamini ya kwanza, lakini naona zote zinaweza kuishi nyumba moja: bosi hakupenda sauti, akauliza swali kwa adabu.

Na hiyo "mbili tu" nayo isemwe kwa tahadhari. Mbili ndizo zilizotajwa miaka mingi, idadi kamili watu bado wanabishana.

#10 Wa_Burudani_Tu
Kwa hiyo bosi angempenda, leo ingekuwa pauni tano?

#11 MzeeWaGramofoni
#10 umecheka lakini umesema kweli kuliko wote humu.

#12 Mkaa_Toronto
Nakataa kidogo. Mnazungumzia miaka ya sitini, jamaa ameuliza ya sasa. Bei za sasa zimepandishwa na viwanda.

Tarehe 6 Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliungua. Ndicho kilichokuwa kinatengeneza sehemu kubwa ya sahani laini za kuchongea wimbo kabla ya kuchapa santuri. Duniani kikabaki kimoja, Japani. Mwezi uliofuata korona, watu wakakaa ndani wakakumbuka gramafoni. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD kwa idadi, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Mahitaji juu, mashine zilezile. Lebo ndogo za soul zikawa zinangoja zamu miezi mingi nyuma ya wakubwa. Adele peke yake alisemekana kuagiza nakala nusu milioni za albamu yake ya 2021. Sasa lebo ya mtaani inayotaka 500 itapenya wapi?

#13 Chaki_Nyeupe
Moto wa 2020 hauwezi kupandisha bei ya santuri iliyochapwa 1966. Hiyo ilikwisha kuchapwa.

#14 Mkaa_Toronto
Unaweza. Aliyeanza na mpya mwaka 2020, mwaka 2022 alikuwa anawinda za zamani. Nimejiona mwenyewe. Nilianza na santuri za lebo ya Daptone ya Brooklyn kwa sababu ya waimbaji wao Sharon Jones na Charles Bradley, Mungu awarehemu. Nikahamia kwenye makusanyo ya Numero Group ya Chicago, yale ya kufukua lebo zilizokufa. Kusoma vile vijitabu vyao nikatamani nakala halisi za wakati ule. Leo sina akiba ya nyumba.

#15 Bi_Lebo
Kwa wanaodhani bei ni ya muziki, ngoja niwape kisa kinachonikera hadi leo.

Mwimbaji Darrell Banks, "Open the Door to Your Heart", 1966. Marekani ilitoka kwenye lebo ndogo ya Detroit, Revilot, na ikatamba, iliingia mpaka namba 2 kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Kwa hiyo nakala za Kimarekani zimejaa, unapata kwa bei ya mboga. Uingereza ilianza kuandaliwa kwenye lebo iitwayo London, ikasitishwa, ikatoka kwenye lebo nyingine, Stateside. Miaka na miaka watu waliamini ya London haipo ila za majaribio. Ikaja kuibuka nakala moja kamili, ikauzwa mnadani mwishoni mwa 2014 kwa pauni 14,543.

Sauti ni ileile, mwaka ni uleule. Kilichouzwa ni duara la karatasi katikati.

#16 Sindano_Butu
Mke wangu amesoma #15. Sina amani nyumbani.

#17 TangaRaha78
Samahani kuingilia uzi wa watu. Marehemu baba aliacha sanduku la bati la santuri ndogo, kama sitini hivi. Alikuwa baharia, alifika Liverpool na Hull. Zinanuka mafuta ya taa. Zinaweza kuwa na thamani?

#18 Mlanguzi_Mstaafu
Pole kwa msiba mkuu. Usihangaike nazo, njoo inbox, nakupa laki mbili zote.

#19 Bi_Lebo
Mlanguzi! Si umetubu juzi tu?

TangaRaha78 usimjibu. Usifute, usioshe, usiweke juani. Andika yaliyo kwenye lebo, halafu inamisha santuri kwenye mwanga, usome herufi na namba kwenye ule ukingo laini kati ya wimbo na lebo. Hizo ndizo kitambulisho chake.

#20 Fundi_Redio
Nyongeza kwa wa Tanga. Ukikuta nzito na inavunjika kama sahani ya udongo, hiyo ni ya spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika), USIIPAKE SPIRITI, inayeyuka. Za inchi 7 za Kimarekani nyingi ni plastiki ngumu ya stairini, si vainili. Igonge kidogo kwa kucha: stairini inalia kavu, kama kifuniko cha ndoo. Hiyo inaliwa na sindano haraka sana. Unaweza kuiona inang'aa kama mpya, ukiipiga inakwaruza kama dagaa kikaangoni. Kwa hiyo anayenunua kwa picha tu ananunua mwanga.

#21 Sindano_Butu
Fundi, hiyo ya mwisho imenipata. Mwaka juzi muuzaji mmoja wa mtandaoni aliandika "karibu mpya". Ilipofika, upande A uliruka mara tano. Akanijibu kwamba gramafoni yangu ndiyo mbovu.

#22 Fundi_Redio
Jina lako ni Sindano Butu lakini.

#23 Sindano_Butu
😂😂 Aisee.

#24 MzeeWaGramofoni
Nirudi kwa Bi_Lebo #15. Si karatasi tu inayouzwa. Ni dijei.

Kule kaskazini mwa Uingereza, vijana wa viwandani walikuwa wakikesha kucheza soul ya Kimarekani ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeisahau. Kumbi zao: Twisted Wheel ya Manchester, Blackpool Mecca, Wigan Casino iliyofunguliwa Septemba 1973 na kufungwa Desemba 1981. Jina "Northern Soul" lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi na mwenye duka la Soul City London. Aliwaona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakiingia dukani kutafuta midundo ya zamani ya kasi, akawaambia wahudumu wake wawatolee ya "kaskazini".

Dijei aliyekuwa na wimbo ambao mwenzake hana, ndiye aliyejaza ukumbi. Akiupata, anabandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo ili mpinzani asijue atafute nini. Uchache ulikuwa ndiyo kazi yake. Wimbo ukifahamika na kuchapwa upya, anauacha. Bei ilianzia hapo.

#25 Chaki_Nyeupe
Kubandika karatasi hakukuanzia Wigan. Jamaika, wenye spika za mitaani walikuwa wanakwaruza lebo miaka mingi kabla.

#26 Bi_Lebo
Kweli #25. Na kwa Mzee niongeze: mpaka leo kwenye mikesha mingi ya soul huku, dijei akipiga nakala ya kuchapwa upya watu wanajua na wanamsema. Ni nakala ya asili au usije. Ndiyo maana mtu anatoa pauni elfu mbili kwa wimbo ambao ameusikia mara elfu. Ananunua kibali cha kusimama kwenye ile meza.

Nilikwenda mkesha mmoja Stoke, mwanamke mweusi peke yangu ukumbini, nimezungukwa na wazee wa miaka sabini wamevaa suruali pana, wanazunguka kama pia. Nikacheka, halafu nikalia. Nyimbo za watu wetu wa Detroit, hawa ndio waliozitunza.

#27 Wa_Burudani_Tu
Dada umenigusa hapo. Nafuta #2 yangu nusu.

#28 KobeWaKisauni
Wigan walikuwa wanakesha mpaka saa ngapi?

#29 MzeeWaGramofoni
Mpaka saa mbili asubuhi. Kila mkesha ulifungwa kwa nyimbo tatu zilezile, wakiziita "tatu kabla ya saa nane", nane yao ambayo kwetu ni mbili. Na hakukuwa na pombe.

#30 Nyama_Choma_FM
Kukesha bila pombe? Hapo Nairobi tumeshindwa mapema.

Lakini wasee, mbona tunaongea kama soul ilipita juu yetu kwa ndege? Nairobi na Mombasa soul ilipigwa na ikarekodiwa. Kuna bendi ya Matata, Wakenya waliohamia London wakarekodi na lebo ya President, albamu ya "Independence" ni ya 1974. Leo wazungu wanaitafuta kwa tochi. Mjomba wangu aliuza kreti mbili za santuri ndogo kwa mgeni mmoja mwaka 2009 kwa shilingi 5,000 zote. Miaka minne baadaye lebo ya Soundway ya Uingereza ikatoa mkusanyo wa nyimbo za Kenya za miaka ya sabini na themanini. Mjomba akaona jalada moja kwenye simu yangu akasema, "Hii nilikuwa nayo." Akanyamaza hadi chajio.

Siku hizi ukienda kile kibanda cha santuri cha Kenyatta Market, bei mwenyewe anaijua kabla hujafungua mdomo. Na yuko sawa.

#31 KobeWaKisauni
Sasa mmefika kwetu. Slim Ali na Hodi Boys! Kijana wa Mombasa akiimba soul kwa Kizungu mpaka watalii wanauliza Mmarekani huyu katoka wapi. Shangazi yangu anasema alikuwa akipanda jukwaani wasichana wanavua viatu.

#32 Chaki_Nyeupe
Wanavua viatu ili iweje?

#33 KobeWaKisauni
Wacheze vizuri bwana. Soksi zinateleza.

#34 MzeeWaGramofoni
Na huku Dar tulipigwa marufuku! Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku soul nchi nzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina santuri tatu za James Brown, mama akazificha kwenye pipa la unga.

#35 Chaki_Nyeupe
Mzee, usinichoke. Ya 1968 ni Operesheni Vijana, ilitangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwezi wa kumi na kuanza Januari 1969. Ile ilikuwa ya mavazi: sketi fupi, suruali za kubana, mikorogo. Soul ilipigwa marufuku Novemba 1969, na si nchi nzima. Ni mkuu wa mkoa wa Pwani, na ilihusu madansi ya Dar es Salaam. Watu waliandika barua magazetini kwa wiki kadhaa wakibishana: wengine wanasema soul ni muziki wa kibeberu, wengine wanajibu ni muziki wa ndugu zetu weusi walioteswa Marekani.

#36 MzeeWaGramofoni
Basi nilikuwa na kumi na saba. Pipa la unga halibadiliki.

#37 Mkaa_Toronto
Hizo tatu ziko wapi Mzee?

#38 MzeeWaGramofoni
Moja ninayo. Unga uliingia kwenye mifereji, inapiga kama mvua ya masika. Siiuzi.

#39 Mlanguzi_Mstaafu
Bei nzuri lakini?

#40 MzeeWaGramofoni
Siiuzi.

#41 TangaRaha78
Nimerudi. Samahani, nilisema sitini, ni arobaini na moja. Shemeji alizichovya kumi na tisa kwenye maji ya moto akazifinyanga bakuli za karanga, harusi ya 2011.

#42 Bi_Lebo
Naenda kunywa maji.

#43 Fundi_Redio
Ilikuwa mitindo ya wakati ule, tusimhukumu shemeji. Lete orodha ya zilizopona.

#44 TangaRaha78
Nyingi zimechapwa Nairobi, imeandikwa kwenye lebo. Kuna taarabu, kuna za Kikongo, za Jim Reeves tano. Za Kizungu zenye tundu kubwa katikati ziko saba. Moja ina lebo nyeupe tupu, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba si ya kuuzwa, na mtu amekata jina la mwimbaji kwa kalamu ya bluu.

#45 Mlanguzi_Mstaafu
Laki nne.

#46 Bi_Lebo
Mlanguzi funga mdomo. Tanga, soma ule ukingo wa ndani HARAKA. Herufi zimegongwa kwa mhuri, zimenyooka, au zimechongwa kwa mkono zimepinda? Hiyo ni muhimu sana. Feki za miaka ya sabini zilikuwa nyingi. Hata ule wimbo wa Frank Wilson ulichapwa kwa wizi chini ya jina la Eddie Foster, ndivyo wengi walivyoujua kwanza. Tamla Motown ya Uingereza ilikuja kuutoa rasmi mwaka 1979.

#47 Chaki_Nyeupe
Naongeza: kuchongwa kwa mkono si ushahidi wa feki peke yake. Lebo ndogo nyingi halali zilichonga kwa mkono. Linganisha na picha za nakala zilizothibitishwa.

Na tundu kubwa halimaanishi thamani. Ndivyo Wamarekani walivyozitengeneza tangu RCA walipoleta spidi 45 mwaka 1949.

#48 Mkaa_Toronto
Tukirudi kwa mwenye uzi, mbona hatujamjibu?

Mimi naona kuna kitu kimoja hakijatajwa: umri. Waliocheza Wigan mwaka 1975 wanakaribia sabini. Makusanyo yao yanaanza kushuka sokoni, watoto hawataki. Miaka kumi ijayo santuri zitakuwa nyingi kuliko wanunuzi, bei itaanguka. Toleo la nakala 500 litaanguka kwanza.

#49 Bi_Lebo
Naona tofauti kwenye meza yangu. Za juu kabisa zinazidi kupanda, wanazigombania watu wenye hela ambao hata hawachezi. Za kati, zile za pauni 50 hadi 150, ndizo zinazodorora. Wazee wanazo tano tano. Vijana wanaokuja wananunua nakala mpya za lebo za Colemine na Big Crown kwa sababu bendi ziko hai na unaweza kwenda kuziona. Hiyo sijui tuiite kuanguka au kuhama.

#50 Mlanguzi_Mstaafu
Mimi nabaki na yangu. Bei inapangwa na woga. Mtu anayedhani hataiona tena ndiye anayelipa, na kazi yetu ilikuwa kumtisha. "Imebaki moja." Ilikuwa inabaki moja mara nne.

#51 Nyama_Choma_FM
Huyu jamaa angekuwa mwanasiasa.

Swali la pembeni: nikiagiza ya pauni 40 kutoka huko mpaka Nairobi, forodha wanaihesabu vipi? Ya mwisho nililipa VAT asilimia 16, na juu yake vitu nisivyovielewa. Afisa mwenyewe aliuliza, "Hii ni sahani ya nini?"

#52 Mkaa_Toronto
Muombe muuzaji aandike wazi ni santuri iliyotumika, na bei halisi. Usikubali akuandikie bei ya uongo. Ikipotea posta, utafidiwa hiyohiyo ya uongo.

#53 Sindano_Butu
Nimerudi wakuu, nilikuwa zamu ya usiku.

Jana nimeangalia tena. Zile tatu ziko hivi: ya 90 imeshuka hadi 60, ya 70 imebaki, ya 85 imeondolewa, sijui imeuzwa au mwenyewe kaghairi. Iliyouzwa kweli ni moja, pauni 38. Bi_Lebo ulisema.

Halafu nimechana nailoni. Nisameheni. Mke wangu alikuwa anapika, nikaiweka, upande A akaendelea kukaanga vitunguu. Upande B akazima jiko. Akasema, "Rudia huo." Nimeurudia mara sita. Sasa ameniuliza kama hao jamaa wana nyingine.

#54 Mlanguzi_Mstaafu
Umepoteza pauni kama kumi kwa kuchana hiyo nailoni.

#55 Wa_Burudani_Tu
Kaokoa ndoa kwa pauni kumi. Kuna mtu humu anaweza kupata bei hiyo?

#56 Bi_Lebo
Hao wana moja nyingine, ilitoka mwaka jana, haina mhuri wala idadi. Bado iko dukani kwa pauni 9. Ni nzuri kuliko hiyo yako, na hakuna anayeitafuta.

#57 Chaki_Nyeupe
Bado.

#58 TangaRaha78
Jamani umeme ulikatika tangu jana, ndiyo umerudi. Ile nyeupe: ukingoni kuna namba zimegongwa kwa mhuri zimenyooka, halafu pembeni kuna alama ya pembetatu ndogo na namba nyingine zimechongwa kwa mkono. Jina chini ya kalamu ya bluu silisomi. Jirani ana gramafoni nimwazime tuusikilize, ila mkanda wake umekatika.

#59 Bi_Lebo
Pembetatu yenye namba?? Hiyo mara nyingi ni alama ya kiwanda cha Monarch, Los Angeles. Kwa hiyo ni ya Kimarekani kweli. Inaweza bado kuwa wimbo wa kawaida kabisa, usianze kuchinja. Niandikie namba zote, moja moja, kama zilivyo.

#60 Mlanguzi_Mstaafu
Laki saba na nauli ya basi nakuja mwenyewe Tanga.

#61 Fundi_Redio
Wa Tanga, usifunge lastiki ya chupi badala ya mkanda, nimeona watu wanafanya hivyo. Inavutika, mwimbaji anaimba kama amelewa. Mimi niko Barabara ya Nane. Lete gramafoni ya jirani kesho baada ya Alasiri, na hiyo santuri uifunge kwenye khanga.

#62 TangaRaha78
Nakuja. Bakuli moja la karanga nalo nilete? Lebo yake bado inasomeka.

#63 Fundi_Redio
Lete na karanga.